Cheti Kinaisha Jumatano

Jumatano, 2 Julai 2025. Nyeri

Baridi ya leo haina adabu. Mlima umejificha wiki nzima, Nyeri Hill yenyewe hapa karibu imebaki nusu. Sweta mbili na bado vidole vinagoma.

Nilikuwa nangoja chai ichemke, nikagusa kile kikufuli cha tovuti ya ushirika wetu kwenye simu, bila sababu yoyote. Mwisho wa cheti: 16 Julai. Nikaenda kuangalia kwa kompyuta. 16 Julai, saa tano asubuhi.

Haiwezekani. Certbot, programu inayotuombea vyeti, haingoji hadi dakika ya mwisho, zikibaki siku 30 inaanza kuomba kipya. Nikafungua logi. Kumbe imekuwa ikiomba tangu katikati ya Juni, mara mbili kwa siku, inakataliwa, inanyamaza, inaomba tena. Taarifa za hitilafu zinatumwa kwa anwani ya mtu aliyeacha kazi. Nazo zile barua za ukumbusho kutoka Let's Encrypt, wanaotupa cheti bure, zilikomeshwa kwa wote tarehe 4 Juni. Kwa hivyo hakuna aliyekuwa analia. Tuko kimya tunaelekea ukingoni.

Ujumbe wa hitilafu hauzunguki: wamejaribu kufika kwetu, muda umeisha, huenda ni fayawoli. Wameandika hivyo wenyewe. Huenda!

Fayawoli iliyowekwa Mei. Nilijua tu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempigia kijana wa Nairobi anayeshika funguo za fayawoli. Mpole sana, ndiyo inayoniudhi, mtu hata wa kumkasirikia sina.

"Dada, nipe orodha ya IP za hao watu, nawafungulia leo hii."

Hakuna orodha. Let's Encrypt hawaitoi, na hawaitoi kwa makusudi. Anwani zao hubadilika. Halafu tangu 2020 hawachungulii kutoka sehemu moja, wanachungulia kutoka pembe kadhaa za dunia kwa wakati mmoja, ili mtu akiteka njia moja ya intaneti asiweze kujifanya ndiye mwenye tovuti. Busara kabisa. Lakini kwa mtu wa fayawoli, mgeni asiyesema atatokea wapi ndiye hasa aliyeajiriwa kumzuia.

Nikasema basi fungua poti 80 kwa dunia yote, kwa ile njia moja tu ya /.well-known/acme-challenge, si kwingine. Kimya. Nasikia kibodi.

"Hiyo siwezi kuisaini, dada."

Poti 443 iko wazi kwa anwani za Kenya peke yake. Ndiyo maana wanachama wetu walioko Marekani wanasema tovuti ilikufa Mei. Haikufa, imefungiwa ndani.

Najaribu kutenda haki. Julai 2023, wale waliojiita Anonymous Sudan walipoilemea eCitizen, watu walikwama na pasipoti, na visa, hata tokeni za stima. Baada ya pale kila bodi ilitaka ukuta, na aliyeleta ukuta mrefu zaidi akapewa kazi. Kijana hakuuomba yeye. Anaulinda tu.

Lakini 16 ni 16.

Ijumaa, 4 Julai

Meneja: "Fundi, si kuna vyeti vya kununua? Vya mwaka mzima? Nunua tutulie."

Vipo. Hadi siku 398. Nikamwandikia tarehe kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda: kuanzia 15 Machi 2026, hakuna cheti cha kuzidi siku 200. Machi 2027, siku 100. Machi 2029, siku 47. Watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipiga kura Aprili, yamekwisha.

"Siku 47? Na nani atakaa akifanya hiyo kazi?"

Mashine, bwana. Hiyo ndiyo nia yao, mtu atoke katikati.

Akaitazama karatasi muda mrefu. "Lakini mwaka huu tunaweza kununua?"

Ee Mungu. Hata cha kununua wanataka uthibitishe domeni ni yako: barua pepe, au faili kwenye seva, au rekodi kwenye DNS. Pesa hazinunui uthibitisho. Anadhani nabana matumizi. Ningekuwa nabana matumizi ningeanza na ile mashine ya kahawa isiyotengeneza kahawa.

Hakuuliza kitakachotokea Jumatano ile. Sikumwambia yote. Kwamba tuliweka HSTS, kwa hivyo kivinjari hakitampa mwanachama hata kile kitufe cha kuendelea kwa hatari yake mwenyewe, kitamwonyesha ukurasa wa onyo basi. Kwamba taarifa za M-Pesa zinaingia kwetu kupitia Daraja, API yake, na Daraja inataka anwani ya https. Mtu analipa mkopo kwa simu akiwa Mukurwe-ini, pesa zinatoka kwake, kwetu hazionekani. Halafu foleni kaunta. Halafu kelele. Halafu bodi.

Jumapili, 6 Julai

Sijalala vizuri. Kanisani mhubiri alizungumzia mlango mwembamba nikacheka peke yangu, mama wa kiti cha mbele akageuka.

Nimeendelea kuwaza jambo hili na usiku huu limekaa sawa kichwani. Kwa nini nang'ang'ania Let's Encrypt waje kwetu? Wasije. Kuna njia ya DNS: wanakupa neno, unaliandika kwenye rekodi ya TXT chini ya _acme-challenge ya domeni yako, wao wanaisoma huko kwenye DNS, ambako ni wazi kwa kila mtu duniani. Seva yetu hawaigusi. Poti 80 ibaki imefungwa hata milele. Kijana asifungue kitu cha kuingia, hata kimoja.

Ubaya: paneli ya domeni yetu haina API. Ni kuingia kwa mkono, kubandika, kungoja. Kila baada ya miezi miwili? Na ikifika siku 47? La.

Lakini. Unabandika kitu kimoja mara moja tu: CNAME. Ile _acme-challenge inaelekezwa kwenye domeni nyingine ndogo, ya kazi hiyo tu, mahali penye API, na mashine inaandika huko yenyewe. Let's Encrypt wanaufuata mwelekeo huo bila shida. Tena ni salama zaidi, maana hata mwizi akiiba ufunguo wa API kwenye seva, ameiba ufunguo wa domeni isiyo na kitu. Barua pepe zetu, tovuti yetu, haziguswi.

Nilitaka kumpigia mtu. Saa sita usiku, nani? Hata mume wangu nikimwamsha na CNAME atadhani kuna msiba.

Sasa paneli. Nani ana paneli?

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi imefungwa, duka la chini halikufunguliwa, hata muuza mahindi hayupo. Nairobi polisi wamefunga barabara za kuingia mjini. Kijana ameandika: "Niko nyumbani, sifikii mtambo wa kazini, tuombeane." Nimemwambia akae ndani, cheti si mtoto.

Nikatumia siku kujaribu kila kitu kutoka nyumbani, kwa hotspoti ya simu na domeni yangu ya majaribio. Kwenye seva zao za mazoezi, si zile za kweli. Za kweli ukishindwa mara tano kwa saa moja kwa jina lilelile wanakuwekea breki. Rekodi ikaandikwa, ikasomwa, ikafutwa. Cheti cha mazoezi kikatoka. Hakina thamani kwa kivinjari chochote na nimekitazama kwa upendo.

Redio imewashwa mchana kutwa. Wamekufa watu tena. Unaandika amri za kompyuta huku unasikia hayo, vidole vinaendelea tu, na hujui ujifikirie vipi.

Jumanne, 8 Julai

Ukuta wa pili.

Nimeingia kazini, nimeweka kila kitu kwenye seva, nimewasha: cheti cha upande wa pili hakithibitiki. Cha upande wa pili! Yaani cha Let's Encrypt wenyewe. Nikachungulia nani amekitoa. Jina la fayawoli yetu. Wikendi hii wamewasha ukaguzi wa kila kinachotoka: inafungua mawasiliano katikati, inasoma, inayafunga tena kwa cheti chake yenyewe. Certbot ikaona mtu amesimama katikati ikakataa kusema naye. Nilijisikia fahari kidogo, kwa niaba yake.

Mwenzangu wa meza ya pili: "Si kuna namna ya kuiambia isikague?" Ipo. Sitaiweka. Naomba kitu ambacho kazi yake nzima ni kuthibitisha nani ni nani, halafu nianze kwa kusema sijali naongea na nani?

Nikampigia kijana. Safari hii nina ombi la kumpendeza: kuingia, sifuri. Kutoka, majina matatu tu yasikaguliwe, acme-v02.api.letsencrypt.org, lile la seva zao za mazoezi na lile la API ya DNS. Akasikika akivuta pumzi. "Hii naweza, dada. Hii hata bosi wangu atasaini." Lakini fomu ya mabadiliko, na kikao ni Alhamisi.

Alhamisi basi. Kuhusu paneli nimepata jibu kutoka kwa mhasibu, ambaye anakumbuka kila kitu kilichowahi kulipiwa: domeni iliandikishwa na katibu wa zamani, kwa namba yake ya simu. Nenosiri liko kwenye faili. Msimbo wa kuthibitisha unaenda kwenye simu ya mzee. Mzee alistaafu. Yuko Othaya, kwenye majani chai yake.

Nikampigia. Akasema simu ya kuongea mambo ya ofisi haipendi, nije.

Alhamisi, 10 Julai. Othaya, halafu nyumbani

Naandika nikiwa na harufu ya moshi kwenye nywele.

Matatu ya asubuhi, madirisha yote yamefungwa, ukungu tangu tutoke mjini. Othaya nikachukua boda kupanda juu, tope, dereva anaimba. Nimefika viatu si viatu tena.

Mzee yuko jikoni na cucu, mama wa nyumba, moto mkubwa, sufuria ya nduma. Hakuna anayeuliza umekuja kwa nini kabla hujala. Nimekula. Nimekunywa chai vikombe visivyohesabika. Nimeulizwa habari za kila mfanyakazi, aliye hai na aliyekufa. Laptopu iko kwenye begi, chaji inaisha, nami nasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, amejaliwa mapacha, ndiyo.

Halafu yeye mwenyewe: "Haya, binti yangu. Ile tovuti bado mnayo?"

Nikamweleza. Si kwa maneno ya kazini. Kwamba kuna watu wanatoa cheti bure, wanataka kuhakikisha domeni ni yetu, wakija wanakuta lango limefungwa, na mwenye lango hafungui. Kwa hivyo nataka wahakikishe mahali pengine.

Akafikiri. "Yaani hawaji shambani kuuliza ng'ombe. Wanaenda ofisi ya ardhi kuangalia jina."

Mzee! Siku nzima ya Ijumaa na meneja sikufika hapo.

"Na hiyo ofisi ya ardhi, jina lililoandikwa ni la nani?"

"Ni lako, mzee."

Akacheka hadi akakohoa. Cucu akamwambia auze basi, wanunue trekta.

Simu yake ni kabambe, betri imefungwa kwa mpira. Mtandao haupo jikoni, uko kwenye kona moja ya zizi. Tukasimama pale wote watatu, mimi na laptopu juu ya pipa la maji, hotspoti yangu ikija na kupotea. Nimeingiza nenosiri. Msimbo umetumwa. Tukangoja. Ng'ombe anatutazama. Msimbo ukafika, mzee akausoma kwa sauti ya kusoma kumbukumbu za mkutano, tarakimu moja moja, nami naandika, ukurasa ukasema muda umeisha. Tena. Safari ya pili cucu ndiye aliyesoma, haraka, bila hotuba. Tukaingia.

Nimeweka CNAME. Nimekagua kila nukta. Nimebadilisha namba ya mawasiliano iwe ya ofisi, mbele yake, kwa ruhusa yake, na barua akaisaini juu ya pipa. Alishika kalamu muda kidogo kabla ya kusaini. Akasema jina hilo la domeni alilichagua yeye, wengine walitaka refu lenye vistari.

Nimerudi na nduma na maparachichi ya kutosha ofisi nzima.

Na kijana ameandika jioni: kikao kimepitisha. Kazi itafanyika Ijumaa usiku.

Jumamosi, 12 Julai

Nilikuja asubuhi nimalize. Stima imepotea tangu alfajiri. Jenereta ya benki jirani inaunguruma, yetu haina mafuta na aliye na ufunguo wa mafuta yuko harusini Nanyuki.

Imerudi saa nane. Seva imeamka inadhani ni 2019. Betri ya saa yake imekufa, hiyo tunajua, lakini huwa inauliza saa kwenye mtandao na kujirekebisha. Sasa poti 123 nayo imefungwa. Kwa hivyo kwake vyeti vyote vya dunia ni vya siku za usoni, havijaanza kazi. Haiamini chochote. Nimeiwekea saa kwa mkono, nikisoma kwenye simu, na nikakasirika kweli kweli kwa mara ya kwanza wiki hii. Saa! Mmefunga hata saa!

Sikuendelea. Mtu akikasirika asiguse kitu cha kweli. Nimeenda sokoni, nimenunua viazi, nimemsuka mtoto.

Jumatatu, 14 Julai

Mazoezi kwanza. Imepita.

Ya kweli. Akaunti, oda, neno limekuja, limeandikwa kule kwenye domeni ndogo. Nimeiambia ingoje kidogo rekodi ienee. Nilikuwa natazama mistari ile nikiwa nimesimama. Imesomwa. Imekubaliwa. Rekodi imefutwa. Nginx, inayoendesha tovuti, imesoma cheti kipya bila kuzimwa. Nikagusa kikufuli kwenye simu.

12 Oktoba 2025.

Nilipiga meza, mwenzangu akamwaga chai. Nimempigia mzee Othaya kabla ya meneja. Hakushika, bila shaka yuko jikoni. Cucu amenirudia jioni: "Wamepata jina?" Wamepata, cucu.

Meneja amesema vizuri sana, na kama itawezekana tovuti iwekewe picha mpya za bodi.

Alhamisi, 17 Julai

Jana saa tano asubuhi nilikuwa kaunta, nimesimama tu, nikijifanya naangalia printa. Hakuna kilichotokea. Watu wakaweka pesa, wakatoa pesa, baba mmoja wa Chaka akabishana kuhusu riba. Taarifa za M-Pesa zikaingia moja baada ya nyingine. Siku nzuri mno.

Nimehamisha taarifa za hitilafu ziende kwa watu wawili, na kuna kiprogramu kinachokagua tarehe kutoka nje, kwenye seva ndogo isiyo yetu, kisiwe ndani ya ukuta uleule. Zikibaki siku 20 kinanitumia ujumbe wa simu. Usiku Certbot inajaribu upya kwa mazoezi. Imepita jana, imepita leo. Tawi la Karatina lina jina lake dogo, nalo ni hivyohivyo, wiki ijayo.

Kijana wa Nairobi amepiga, mimi sikumpigia. Ana mteja mwingine Kerugoya, cheti kinaisha Agosti, wamegombana naye kuhusu poti 80 wiki nzima. "Dada, ile kitu yako ya CNAME, unaweza kuniandikia? Hatua kwa hatua?"

Naweza. Nimeshaiandika, iko hapa mbele yangu, kurasa mbili na mchoro.

Nikamwambia afungue poti 123 kwanza.